Mazigazi ya Thika Road

Saa saba mchana, jua likiwa limekaza, panda matatu ya Thika na ukae kiti cha mbele. Ukishapita Ruiru na jam ikafunguka, angalia lami kule mbele. Utaona maji. Yanametameta kabisa, hadi magari yaliyotangulia yanaonekana kichwa chini ndani yake. Dereva hapunguzi mwendo. Mkifika pale, hakuna hata tone. Maji yamehamia mbele tena. Kiswahili kina neno lake: mazigazi.

Kinachonishangaza si kwamba macho yanadanganyika. Ni kwamba yanaendelea kudanganyika hata ukishajua. Nimepita hiyo barabara tangu ilipopanuliwa mwaka 2012, najua kwamba hewa iliyo karibu na lami hupata joto na kuupinda mwanga, na bado nayaona maji. Tofauti yangu na mgeni asiyejua haiko machoni. Iko kwamba mimi sishuki na mtungi.

Nimeanzia barabarani, lakini nataka kuongea kuhusu yoga.

Tangu Africa Yoga Project ianzishwe Nairobi mwaka 2007 na kuanza kuwafunza vijana wa mitaani wawe walimu, mazoezi haya yamesogea mbali na kumbi za wenye nazo. Siku hizi utampata mtu ametandika mkeka juu ya paa la ploti huku Ruiru, katikati ya kamba za nguo na matangi ya maji, saa kumi na moja na nusu asubuhi. Mimi ni mmoja wao.

Mwaka wangu wa pili, asubuhi moja, nilikuwa nimelala chali baada ya zoezi la mwisho. Mwili ukawa mwepesi, kifua kikafunguka, machozi yakatoka bila huzuni yoyote. Nikajiambia: nimemsamehe ndugu yangu. Huyu ni mdogo wangu, aliyechukua pesa tulizochangia za matibabu ya Mama akazimaliza kwa kubeti. Kwa miezi mingi sikuwa nashika simu zake. Sasa, nikaamini, yameisha. Niliwaambia marafiki. Hata niliandika Instagram, na picha ya macheo juu.

Jumapili iliyofuata nikaenda nyumbani Makongeni, Thika. Ndugu yangu akaingia tukiwa tunakula. Sikupandisha sauti. Nilivuta pumzi polepole, nikatabasamu, nikaendelea na chapati yangu. Moyoni nikajipongeza: ona vile nimetulia. Jioni Mama akanisindikiza hadi steji. Tulipofika akasema, "Leo umemwangalia ndugu yako kama maiti. Heri ungempigia kelele."

Nilikasirika hadi Ruiru. Kisha nikaona kwamba nimekasirika.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Shida yangu ilikuwa mbaya kuliko hiyo: nilikuwa nimepata kioo, nikadhani kazi yake ni kunionyesha uso tu. Utulivu ule haukuwa msamaha. Ilikuwa hasira ile ile, imefunzwa kupumua vizuri.

Patanjali, ambaye maandiko ya yoga yanayosomwa zaidi yanabeba jina lake, aliiweka avidya kuwa mzizi wa mateso yote. Avidya ni kukosa kuona sawasawa: kuchukua kinachopita kama cha kudumu, kichafu kama safi, kinachoumiza kama raha, na kisicho wewe kama ndiyo wewe. Dawa yake ni viveka, uwezo wa kupambanua. Na katika hatua zake nane, mikao ya mwili ni ya tatu. Ya kwanza ina kutodhuru na kusema kweli. Mimi, kama wengi wetu, nilianzia ya tatu, nikadhani hizo za mbele ni dibaji.

Rafiki yangu mmoja hakubaliani nami. Anasema mtu ametoka kazini amekaa kwenye jam masaa mawili, amelala chini akapata amani ya nusu saa, sasa wewe unataka kumfanyia kesi? Ana pointi. Pumziko ni kitu kizuri na halihitaji kibali cha mtu. Ninachoomba ni liitwe pumziko. Ukiliita msamaha, au hekima, au kuamka wakati wengine wamelala, hapo ndipo unashuka na mtungi.

Wala sisemi machozi yale yalikuwa ya uongo. Mwanga unaoonekana kwenye lami ni wa kweli, umetoka angani. Ni maji tu ndiyo hayapo. Nilichohisi kwenye mkeka nilikihisi. Kosa lilikuwa katika jina nililokipa, na haraka niliyolipa nayo.

Mama hapendi yoga. Anaamini inafungulia mapepo mlango. Tukibishana ananikumbusha Shakahola, ule msitu wa Kilifi ambako tangu mwaka 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wakiwa waumini waliokaa njaa wakingoja kukutana na Yesu. Zamani nilikuwa namwambia, "Lakini Mama, hiyo si yoga, hiyo ilikuwa kanisa." Siku hizi sijibu haraka. Mtu aliyefunga hadi mwisho naye alihisi kitu. Hisia kali haibebi uthibitisho wake yenyewe, iwe imekujia kanisani au juu ya paa. Inahitaji kuulizwa na mtu aliye nje yake, mtu asiyevutiwa na picha yako ya macheo. Mwalimu anaweza kuwa huyo. Kwangu mimi alikuwa mama asiyejua mkao hata mmoja.

Na kuna mtego wa mwisho, ambao naogopa niko ndani yake ninapoandika haya: kujiona mtu ambaye sasa hadanganyiki. Hayo nayo ni maji yaliyohamia mbele.

Nilimpigia ndugu yangu simu. Tuligombana karibu saa nzima. Nilimwambia jinsi Mama alivyokaa na maumivu wiki tatu, akanyamaza, kisha akasema alikuwa anangoja tu mtu amuulize. Pesa hajalipa. Kusamehe sijasamehe, sio yote. Lakini simu zake nashika.

Kesho yake asubuhi, kwenye mkeka, kifua kilifunguka tena vile vile. Nikakiacha kifunguke, sikukipa jina. Mama akapiga kuuliza kama bado nafanya ile kulala chini. Nikamwambia ndiyo. Akasema sawa, lakini Jumapili nikija nibebe mkate, na nisichelewe, ndugu yangu atakuwepo.