Kumkataza Kijana au Kumfundisha?

Sisi watu wa Mwika twaijua bahari kwa kuisikia tu. Maji yetu ni ya mfongo na ya mto, na yakizidi magoti twawaita watoto warudi nyumbani. Kwa hiyo mwaka jana, mwanetu akaaye Dar es Salaam karibu na ufuko wa Coco alipotupigia simu usiku kuomba msaada juu ya jambo la bahari, tulikuwa watu wasiofaa kabisa kuulizwa. Kijana wake wa miaka 15 alikuwa ameanza kujifunza kupanda mawimbi kwa ubao. "Baba," alisema, "wewe anakusikia. Mkataze."

Tulimjibu kwamba tutafikiri kwanza. Fikira zetu twazileta kwenu, kwa sababu kila mzazi ana bahari yake.

Tulianza upande wa mwanetu. Maji yanaua, hilo halina ubishi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu nusu yao walikuwa hawajafika miaka 30. Nasi Watanzania hatujasahau meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, wala MV Spice Islander, tarehe 10 Septemba 2011. Mzazi aogopaye maji si mjinga.

Lakini tulipoitazama vizuri mifano hiyo ya meli, ilitugeuka. Wale ndugu zetu hawakwenda kucheza majini. Walikuwa wakisafiri kwenda kwao. Hatusemi kwamba kujua kuogelea kungewaokoa. Twasema tu kuwa kumweka mtoto mbali na mchezo wa maji siyo kumweka mbali na maji.

Hapo tulikumbuka jambo ambalo hatupendi kulikumbuka. Tulipokuwa walimu vijana, katika shule moja tusiyoitaja, wavulana walikuwa na kidimbwi chao mtoni. Tuliwakataza, tukawachapa. Hawakuacha kwenda, waliacha kutuambia tu. Siku moja wakati wa masika mmoja wao alichukuliwa na maji, na wenzake walichelewa kuita mtu kwa kuwa waliogopa fimbo yetu. Tulimzika kijana yule. Wazazi wake hawakutulaumu hata kidogo, lakini sisi twajilaumu hadi leo. Katazo letu halikuiondoa hatari pale mtoni. Lilimwondoa mtu mzima tu.

Basi tulimpigia mjukuu, si kumkataza, bali kumwuliza anafundishwa nini. Alituambia kwamba kwa majuma ya kwanza hakuruhusiwa kusimama juu ya ubao. Alifundishwa kuogelea, kisha kuutambua mkondo urudio baharini, maana maji yanayoletwa na mawimbi lazima yatoke mahali. "Ukikushika, Babu, usishindane nao kurudi nchi kavu, utachoka. Ogelea kando, sambamba na ufuko, mpaka utoke nje yake." Ndipo akafundishwa kulala kifudifudi juu ya ubao, kupiga maji kwa mikono wimbi linapokaribia, na kuinuka kwa mara moja, mguu mmoja mbele, magoti yamekunjwa. Alikuwa hajafaulu. Lakini tuliona kuwa kijana huyu wa kucheza aijua hatari ya bahari kuliko baba yake aiogopaye.

Wengine watasema: afadhali hatari ya kazi, lakini ya mchezo ya nini? Nasi tulikuwa na mawazo hayo. Lakini hapa kwetu twamtuma mtoto kukata majani ya ng'ombe katika mteremko unaoteleza, panga mkononi na mzigo kichwani, wala hatushtuki. Je, mfupa wa mtoto huvunjika kwa upole zaidi akianguka kwa ajili ya ng'ombe? Twaikubali hatari iletayo mzigo nyumbani, twaikataa iletayo furaha, kisha twasema kwamba tulichokuwa tukikihesabu ni uhai wa mtoto. Wamisionari waliofika visiwa vya Hawaii mwaka 1820 nao waliuona mchezo huu wa mawimbi kuwa ni uvivu, na katika karne ile ulififia sana, pamoja na wenyeji wenyewe waliopukutishwa na magonjwa. Leo ni mchezo wa Olimpiki, tangu ile ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Wala tusidhani kuwa ni jambo geni kwa Mwafrika. Katika miaka ya 1640 Mjerumani mmoja, Michael Hemmersam, aliandika kwamba katika Pwani ya Dhahabu, yaani Ghana ya leo, wazazi waliwafunga watoto kwenye mbao na kuwatia majini wajifunze kuogelea. Wazazi wale walikaa na bahari mlangoni, wakaona heri mtoto aijue mapema.

Hatusemi kila kitu kiruhusiwe. Kijana aendaye peke yake, au baada ya kunywa, au bila mwalimu, azuiwe. Kumwacha tu nako si upendo. Mara nyingi ni uvivu wa mzazi. Lakini aliye tayari kuzuia na awe tayari pia kufundisha, au kutafuta wa kufundisha.

Tulimjibu mwanetu hivi: "Nenda ufukoni, ukae anapoweza kukuona. Halafu mwombe mwalimu wake akufundishe na wewe kuogelea." Alinyamaza muda mrefu, hata tukadhani simu imekatika.

Mwezi wa Agosti tuliteremka kwa basi. Tulimwona mjukuu akianguka mara 11. Mara ya 12 alisimama, kwa muda wa kusema Amina, akaanguka tena akicheka. Baba yake alikuwa majini hadi kifuani, akijifunza kupumua.

Sasa masika yakaribia. Vijana wetu watakwenda mtoni, tukijua tusijue. Yeyote katika mitaa yetu ajuaye kuogelea na ajitaje kwa katibu wa parishi. Sisi tutakuja kukaa ukingoni, na safari hii hatutachukua fimbo.