Nyumba na Cherehani Zisipande Gari Moja

Wanangu, na ninyi wajukuu mliojifunza kushona hapa kambini Mantapala kabla hamjaota ndevu, tangu mvua zikatike nasikia habari moja tu: Kashikishi, Mansa, Lusaka. Huyu amepata chumba karibu na soko, yule ana mjomba kule Matero, Lusaka, mwingine ameshauza mbuzi kwa ajili ya nauli. Sina nia ya kumzuia mtu. Mkaa bure si sawa na mtembea bure, na mimi mwenyewe sikuzaliwa upande huu wa ziwa Mweru. Ninachokataa ni mtu kupakia nyumba na karakana kwenye gari moja, siku moja: mke, watoto, godoro, masufuria, cherehani zote mbili na gunia la vitambaa, kisha anamwachia jirani mlango wazi na kusema, "Sisi ndiyo tumeenda."

Kuhama kwa namna ile tumekujua. Mwaka 2017 vita vilipowaka Kongo, upande wa Moba, Manono, Mitwaba na Pweto, watu walivuka kuingia Zambia na walichoweza kubeba kichwani. Serikali ikatupokea kwenye kambi ya muda ya Kenani, tukakaa kwenye mahema, na mwaka uliofuata tukaanza kuletwa hapa Mantapala kukatiwa viwanja. Wengi wenu mlikuwa bado watoto, lakini wazazi wenu wanakumbuka mafundi waliofika Kenani na vichwa vya cherehani vitupu, vimefungwa kwenye blanketi. Meza, miguu na kanyagio vimebaki Kongo. Fundi ana kichwa kizima, kinang'aa, hana pa kukiweka. Aliyekuwa anavalisha harusi kule kwao akawa anashona viraka kwa mkono, sindano na uzi, mpaka seremala mmoja akamgongea meza ya mbao na kanyagio likapatikana kwa shida. Yale hatukuyachagua. Mnayotaka kuyafanya sasa mnayachagua wenyewe, tena wakati wa amani, ndiyo maana nasema kwa ukali.

Kwanza mjue karakana yenu ni nini. Hapa una daftari la vipimo. Ndani yake kuna kiuno cha Mama Mchungaji, mabega ya mwalimu, urefu wa suruali za wanakwaya wote, na pembeni umeandika nani amelipa nusu na nani atalipa akiuza maharage. Watu wa vijiji vya jirani, Wabemba kwa Walunda, wanakuletea nguo kwa sababu waliona gauni ulilomshonea shemeji yao. Fundi mwenzako akikwama uzi anaazima kwako, wewe ukivunja sindano usiku unaenda kwake. Ukipanda gari, hayo yote hayapandi. Unafika Kashikishi na chuma tu. Kule hakuna anayejua kama mkono wako ni mzuri au unaharibu kitambaa cha mtu, na mama aliyenunua liputa yake, yaani kitenge, kwa pesa ya samaki hatamkabidhi mgeni aijaribie mkasi.

Kashikishi ninaijua, kwa hiyo nitasimama hapo kidogo.

Pesa ya mji ule inatoka ziwani. Kila mwaka, tarehe 1 Desemba, uvuvi wa Mweru unafungwa ili samaki wazaane, na haufunguliwi mpaka Februari iishe. Sasa kijana anawaza: Desemba ni Krismasi, kila mtu anataka nguo mpya, nihame mwishoni mwa Novemba niikute Krismasi. Anafika nyavu zimeshaanikwa. Aliyetaka nguo ya sikukuu ameinunua Novemba, pesa ingali mkononi. Anayebaki na pesa kidogo anaishika kwa ajili ya Januari shule zikifunguliwa. Na hapo, kweli, kuna kazi: tangu Zambia ilipofuta ada mwaka 2022 madarasa yamejaa, na sare haikufutwa. Lakini sare za shule wanapewa mafundi wanaojulikana na walimu, waliokwisha kuona rangi, wakajua kitambaa kipi kinakubaliwa na kola inakaaje. Mgeni wa Novemba anazitazama zikipita. Januari nzima analipa chumba kwa akiba, Februari anauza cherehani ya pili, Machi samaki wakirudi sokoni yeye ameshakuwa kibarua kwenye cherehani ya mtu mwingine. Nimewaona wa namna hiyo, tena mafundi hodari.

Hata ziwa likiwa wazi, pesa haiji sawasawa. Dagaa wa huku, chisense, huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, wavuvi wanalala, na kina mama wanaokausha na kuuza wanakaa bila biashara. Fundi mgeni anashangaa juma hili mlango umejaa watu na juma lijalo haji hata mmoja wa kubadilishiwa zipu. Anadhani ameharibiwa jina, anaanza kushusha bei. Mwenyeji anatazama juu usiku, anajua, anatumia siku hizo kupiga pasi, kupaka mafuta cherehani na kumalizia nguo zilizolala.

Kuna jambo la salaula pia, yaani mitumba. Vijana, suti mnazojisifia, za mtindo wa Lubumbashi, haziuziki kwenye mji ambao mtu anaokota koti la Ulaya kwenye rundo kwa bei ya chini ya kitambaa chako kitupu. Fundi wa mjini anakula kwa salaula ile ile: kupunguza kiuno, kukata pindo, kutia zipu, kugeuza kola iliyochakaa. Sifa anaipata kwenye liputa. Kina mama wa Zambia wanaupenda mshono wetu wa Kongo, mikono yenye mawimbi, kifua kilichopangwa, na wanavaa sare kwa ajili ya kumfunda bibi harusi, kwa kwaya, kwa msiba. Kazi ya sare moja ya kikundi inakulisha kuliko nguo za mtu mmoja mmoja. Lakini kikundi kinachagua fundi kupitia mama mmoja anayeaminiwa, na mama huyo huwezi kumpata ndani ya juma moja. Unampata kwa kumtengenezea begi la mtoto wake vizuri, ukamrudishia siku uliyosema.

Ndiyo maana nawaambia: aende mtu mmoja, na cherehani moja, wakati wa kiangazi. Mwezi wa tano barabara imekauka na mazao yameingia. Aende akakae kwenye baraza la fundi mwenye jina, akubali kutia vifungo na kukata pindo, alipe sehemu yake ya pango bila kunung'unika. Avuke Desemba akiwa kule ili aone mji ukiwa na njaa. Akiona bado anakula, Machi aanze kutafuta chumba cha familia. Nyumba ya Mantapala isifungwe, mihogo isitelekezwe. Muhogo ni wa mwaka na zaidi ardhini. Ukihama ukiwa umefika magotini, atakayeuvuna si wewe.

Msidhani huu ni woga wa wazee. Msiri, Mnyamwezi yule aliyesimamisha ufalme wake Bunkeya, hakushuka Katanga kama mvua. Baba yake Kalasa alikuwa mfanyabiashara wa shaba, na kijana alizijua njia zile na watu wake kupitia misafara kabla ya kuhamia moja kwa moja. Aliyoyatenda baadaye kwa watu wa nchi siyasifu hata kidogo, na mwisho wake mnaujua: aliuawa Desemba 1891. Ila kuingia kwake kulikuwa kwa mtu aliyetanguliza mguu mmoja.

Sasa karatasi. Hili msilichukulie kama maneno ya ofisini. Zambia ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka sharti lake juu ya uhuru wa kutembea, na sheria mpya ya mwaka 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya 1970, haikutufungulia njia zote. Sera ya taifa ya wakimbizi ya mwaka 2024 inaongea vizuri juu ya kujitegemea, na mimi naifurahia. Lakini askari kwenye kizuizi hasomi sera, anasoma kibali ulichoshika. Kibali cha kutoka kambini kina tarehe ya kurudi. Kinakutosha kwenda kununua vitambaa, kwenda hospitali, kwenda kutazama mji. Kuishi mjini na kufungua karakana ni jambo lingine, lina vibali vyake, na ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi ipo hapa hapa, swali halilipiwi. Mtu aliyehama na familia nzima kwa kibali cha muda mfupi anaishi akitazama nyuma. Hawezi kumdai mteja aliyemdhulumu. Hawezi kwenda polisi akiibiwa. Mwenye nyumba akimpandishia pango katikati ya mwezi, analipa na kunyamaza. Fundi asiyeweza kudai haki yake, wanangu, hata akishona vizuri namna gani, anashonea wengine watajirike.

Wanaoitazama Lusaka wazidishe hesabu. Ni safari ya kama kilomita elfu moja, kupitia Mansa, Samfya na Serenje, na ukikwama huko hurudi kwa baiskeli. Msinunue cherehani za umeme kwa sababu mmeziona kwenye simu. Mwaka 2024 ukame uliposhusha maji ya Kariba, umeme ukawa wa saa chache kwa siku, na karakana za mjini zilizotegemea waya zikakaa kimya mchana kutwa. Mwenye kanyagio aliendelea kushona. Kajifunzeni ya umeme kwenye karakana ya mtu, ni vizuri, lakini cherehani ya kwanza ya kuondoka nayo iwe ya miguu.

Na kuibeba kuna adabu yake, maana naona mnavyozirusha kwenye Canter kama magunia ya mkaa. Toa sindano na mguu wake, toa bobini na kijumba chake, uvifunge kwenye kitambaa uviweke mfukoni mwako, si kwenye mzigo. Vua mkanda wa ngozi taratibu kwenye gurudumu, usiukate. Legeza skrubu mbili za nyuma, inua kichwa kwa mikono miwili, mmoja chini ya mkono wa cherehani na mwingine kwenye kitako. Usikishike kwa gurudumu hata siku moja, mhimili ukipinda hutasikia tena mshono uliotulia. Kivike blanketi, ukipakate mwenyewe. Miguu ilazwe chini kabisa ya gari, juu ya nguo, pasipo kitu kizito juu yake, kwa sababu chuma kile kikigongwa hakipindi, kinapasuka. Meza inaweza kubaki. Mbao iko kila mahali.

Nanyi mabinti zangu, ambao ndio wengi kwenye mafunzo ya sasa na wengi wenu mnatushinda sisi wanaume kwa mkono, nitasema wazi. Asiende msichana peke yake kulala kwenye chumba cha nyuma ya duka la mtu aliyemwahidi cherehani na chakula bure. Hakuna cha bure pale. Nendeni wawili wawili, mpange chumba kwa jina lenu, na kabla ya kuondoka mwambieni mama mmoja wa huku, aliye na ndugu kule, jina la mtaa na nyumba mtakayofikia. Mwanamume anayekukataza kumwambia mtu unakokwenda ameshakuonyesha alivyo.

Wenye wake na watoto, ulizeni nyumbani kwanza. Nimesikia kijana akipanga safari mbele ya wenzake, mkewe yuko jikoni anasikia kwa mara ya kwanza. Mke ndiye anayejua mtoto yupi ana mtihani mwaka huu, nani anamdai mahindi, na jina lipi la familia bado halijasahihishwa kwenye kadi. Wengine wake zao ni mafundi kuliko wao. Basi pengine mtangulizi awe yeye.

Kabla mtu hajaenda kuomba kibali, afungue lile gunia la vitambaa. Kila kitambaa cha mtu kirudishwe kimeshonwa, au kirudishwe kama kilivyoletwa pamoja na pesa iliyotangulizwa. Nguo ya msiba ya mama wa watu isiende Kashikishi kama vile ni mali yako. Daftari la vipimo mwachieni fundi anayebaki, ili wateja wenu wasihangaike, naye awaambie kwamba mmewaaga vizuri. Atakayetaka kutangulia mwezi wa tano aniletee cherehani yake mwezi wa nne. Nitatazama mkanda, nitatazama meno chini ya mguu, na iliyolegea tutaikaza pamoja kabla haijapanda gari.