Amekubali, au Amenyamaza Tu?



Mama mmoja wa jumuiya yetu alinijia baada ya Misa. Mumewe ni tabibu wa macho, naye amealikwa kwenda Sudan Kusini kwa majuma matatu pamoja na Wakristo wenzake, kuwapasua wenye mtoto wa jicho. "Mwalimu," akaniuliza, "nikisema hapana, nitakuwa nimetenda dhambi?"

Swali hili si jepesi. Mtoto wa jicho humpofusha mtu polepole, lakini upasuaji mfupi na lenzi ndogo inayowekwa ndani ya jicho huweza kumrudishia nuru. Vikope navyo, vinavyoenezwa na mikono, vitambaa na nzi, huzikunja kope ndani hata zikalikwaruza jicho. Bibi aliyekuwa akiongozwa kwa fimbo hurudi shambani, na mjukuu aliyemshikia fimbo hurudi shuleni. Nani athubutu kuzuia jema kama hilo?

Hata hivyo, Bwana wetu aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, yaani imetolewa kwa Mungu, huku wakiacha kuwatunza wazazi wao (Marko 7). Huwezi kutoa sadaka kitu ambacho ni haki ya mwingine. Nasi mbele ya altare tulipeana siku zetu. Ndiyo maana Mtume Paulo anawataka wanandoa wasinyimane, ila kwa kupatana na kwa muda (1 Wakorintho 7).

Nami nakiri kosa langu. Mwaka 2014 nilikwenda semina ya majuma mawili. Mke wangu alisema "sawa". Niliporudi, nilikuta mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na mama yake amekopa kwa jirani. Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akajibu, "Ningesema nini, nawe ulikuwa umekwisha funga sanduku?" Nilichukua ukimya wake nikauita baraka.

Wanaojiandaa vema kwa safari ya tiba huomba kibali cha nchi ile, huchanjwa homa ya manjano, huhesabu lenzi na dawa. Zaidi ya hayo huuliza: tukiondoka, nani atabaki kumtilia mgonjwa matone na kulitazama jicho lake? Bila huyo, kazi nzuri yaweza kuharibika.

Basi nyumbani nako ulizeni vivyo hivyo. Nani atabaki na karo, ng'ombe, mzazi mgonjwa, mtoto mwenye homa usiku? Ulizeni kabla jina halijaandikwa, wala si sanduku likiwa mlangoni.

Yule mama nilimjibu hivi: kusema hapana kwa sababu ya kweli si dhambi. Lakini ikiwa ni wivu, au hofu ya maneno ya majirani, ajichunguze. Mumewe naye ajichunguze: anawatafuta vipofu, au anatafuta sifa? Na kama anayealikwa ni mke, mume asione aibu kushika mwiko jikoni.

Mkipatana kweli, mmetumwa nyote wawili. Yule anayebaki nyumbani naye ana sehemu yake katika macho yatakayofunguka kule.

Jioni hii, mwulize mwenzi wako: ni lini nilichukua kunyamaza kwako kuwa ndiyo? Kisha msikilize mpaka amalize.