Mjinga akierevuka: Somo la vitabu vya zamani vya ufundi wa magari

Mwaka 1965, mjini Aden, ofisa kijana wa jeshi la anga la Uingereza, John Haynes, aliombwa na mwenzake amsaidie kulifufua gari lake aina ya Austin-Healey Sprite. Wakatazama kitabu cha kiwanda, wakakuta hakikuandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida. Haynes akachukua kamera, akawa anapiga picha kila hatua ya kufungua na kufunga. Mwaka 1966 kazi hiyo ikawa kitabu, na nakala 3,000 za kwanza zikamalizika kabla ya miezi mitatu.

Leo vitabu vya namna hiyo vinatafutwa hata na watu ambao hawajawahi kuyamiliki magari yanayozungumzwa humo. Kwa nini? Jibu la haraka ni kwamba watu hupenda vya kale. Kwa maoni yangu, jibu hilo halitoshi. Kinachovutia zaidi ni jinsi mwandishi anavyomheshimu msomaji wake.

Chukua mfano wa kitabu cha John Muir, mhandisi wa Marekani, kilichotoka mwaka 1969 kuhusu magari ya Volkswagen. Jina lake lenyewe linasema kimeandikwa kwa ajili ya mjinga kabisa. Sisi tunajua kwamba mjinga na mpumbavu ni watu wawili tofauti. Mjinga ni asiyejua tu, akielekezwa atajua. Muir anamchukua mtu ambaye hajawahi kushika spana, anamweleza aandae vifaa gani na aanzie wapi, na michoro ya Peter Aschwanden inamwonyesha kilichomo ndani.

Hapo ndipo linapokuja suala la maadili. Wahenga walisema, mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Fundi anayeandika kitabu kama hiki anajitia mashakani mwenyewe, kwani kila anayemwelewa huenda asiwe mteja tena. Je, ni wajibu wake kufanya hivyo, au elimu ni mali yake na aiuze atakavyo?

Wapo watakaosema kwamba fundi aliitolea jasho elimu yake, hivyo ana haki ya kuilia. Ni kweli. Wataongeza kwamba magari ya leo yana kompyuta na mifuko ya hewa, na mengine yana umeme wa kuweza kuua, hivyo si busara kila mtu kuyafungua. Hoja hiyo nayo ina uzito. Na vitabu hivyo vya zamani havikosi kasoro: vingi vinaeleza kwa urefu namna ya kufungua, lakini vikifika kwenye kufunga vinapita kwa mkato, msomaji akabaki na bolti mkononi asijue ilitoka wapi.

Hata hivyo, kulipwa kwa kazi uliyofanya ni jambo moja, na kulipwa kwa sababu mwenzako yuko gizani ni jambo jingine. Anayetoza ujira wa kazi yake anakula jasho lake. Anayehakikisha mwenye gari hajui kitu, ili amtoze apendavyo, anakula ujinga wa mwenzake. Ndiyo maana mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, walipitisha sheria ya kuwataka watengenezaji wa magari watoe kwa wenye magari na gereji za kujitegemea taarifa za matengenezo wanazowapa mawakala wao.

Wala moyo huu wa kufundisha haukuanza na magari. Mwaka 1206 Al-Jazari, mhandisi Mwislamu aliyewatumikia watawala wa Diyarbakir, alimaliza kitabu chake cha mitambo, akaweka humo michoro, vipimo na namna ya kuunganisha vipande. Mwaka 1976, miaka 770 baadaye, saa yake kubwa ya maji iliundwa upya mjini London kutokana na maelezo yake. Kama angeificha elimu ile, angezikwa nayo.

Basi kila mwenye fani, awe fundi, daktari au mwanasheria, na ajiulize: yule anayetoka mlangoni kwangu, anaondoka akijua zaidi kuliko alivyoingia, au nimemwacha gizani ili kesho arudi tena?