Wanangu, Jueni Simu Yenu Inalala Wapi

Wanangu mnaofungua ofisi na maduka, nawaona mkiziacha simu za mezani za waya na kuhamia simu za intaneti, ambazo mtambo wake haumo tena kabatini mwenu bali umo kwenye seva za kampuni nyingine, pengine Ulaya. Siwakatazi. Mfanyakazi aliyeko Moshi anapokea simu ya ofisi ya Dar es Salaam kwenye simu yake ya mkononi, na mteja hajui tofauti. Ninachowaonya ni kukabidhi sauti ya biashara yenu bila kuuliza maswali.

Simu ya zamani ililetewa umeme na waya uleule wa shaba, kutoka kwenye betri za kituo cha simu. Mtaa mzima ukiwa gizani, bado ililia. Hii ya leo inategemea ruta, na ruta ikizima, nayo imezima. Basi nunueni betri ya akiba ya ruta kabla ya kununua simu yenye kioo kikubwa. Agizeni pia tangu siku ya kwanza kwamba intaneti ikikatika, wanaowapigia waelekezwe kwenye laini ya mkononi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na Uganda. Kama seva yenu iko ng'ambo, hata kumpigia mwenzako wa chumba cha pili kunapitia huko kwanza.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni wizi wa usiku. Kuna wahalifu wenye programu zinazozunguka intaneti saa zote zikitafuta mitambo ya simu, kisha zinabahatisha nywila za namba za ndani. Namba ya ndani ikiwa 101 na nywila yake ikiwa 101, mlango uko wazi. Wakishaingia hawaibi maneno yenu. Wanapiga simu mfululizo kwenda namba za nje zenye gharama kubwa, ambazo wao hupata mgawo wa kila dakika. Hupenda Ijumaa usiku, ofisi ikifungwa, hadi Jumatatu asubuhi. Bili inamjia mwenye laini, na mara nyingi mkataba unasema alipe. Wanangu, nywila iwe ndefu na isifanane na nyingine. Fungeni simu za kwenda nchi msizofanya nazo biashara. Mwambieni mtoa huduma aweke kikomo cha matumizi ya kila siku, kikifikiwa simu zikatwe. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na duka dogo linaweza kufilisika kwa kuipuuza.

Halafu kuna namba yenyewe. Mmeiandika kwenye kibao, kwenye risiti, ubavuni mwa gari; wateja wameikariri kwa miaka. Je, imesajiliwa kwa jina la nani? Ikiwa ni ya mtoa huduma, siku mtakapogombana naye mtaondoka bila namba, na wateja wenu watabaki wakimpigia yeye. Kabla ya kutia sahihi, tafuteni kifungu kinachosema namba ni yenu na mnaweza kuhama nayo. Msipokiona, kidaini kiandikwe. Wakikataa, nendeni kwa mwingine.