Nafasi Mbele ya Lori

Ndugu zangu mnaowasha magari madogo saa hizi, mimi ni dereva wa semi-trela, njia yangu ni Dar es Salaam hadi Tunduma, na nina ombi.

Lori lenye mzigo kamili linaweza kufika tani 56. Nikishuka mlima Kitonga, kule Iringa, nashuka kwa gia nzito, polepole, kwa sababu breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika. Ile nafasi ninayoiacha mbele yangu sikuiacha ili uchomekee. Ndiyo usalama wetu sote. Ukiijaza kwa gari lenye watoto nyuma, sina pa kukwepea: upande mmoja mlima, upande wa pili korongo.

Na usipoviona vioo vyangu, jua nami sikuoni, hasa ukiwa ubavuni kushoto au umeganda nyuma ya tela. Rudi nyuma kidogo, tafadhali. Hata indiketa ninayokuwashia upite ni msaada tu. Kona iliyo mbele itazame kwa macho yako mwenyewe kabla hujatoka. Mimi sina haraka. Nitakusubiri upite salama.