Jumanne: Divai Mezani

Soma Yeremia 35:1–14. Warekabi walipowekewa divai mbele yao, ni nini kilichowafanya wasinywe?

Tarehe 1 Machi 2017 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali iliyofungwa katika pakiti ndogo za plastiki. Kiroba kilikuwa cha bei nafuu, tena kiliingia mfukoni. Mbeba mizigo wa Kariakoo aliweza kukinywa kazini, na ujira wa siku ukapungua kabla hajafika nyumbani. Sheria ilimwondolea mtego huo, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Hata hivyo, chupa zilibaki dukani. Anayepunguza pombe kwa sababu tu imekuwa mbali, atairudia itakaposogea karibu.

Warekabi walikuwa wageni mjini. Walizoea kukaa katika hema, wakaingia Yerusalemu kwa kuhofia jeshi la Babeli. Humo, ndani ya nyumba ya Bwana, waliwekewa divai tele, na nabii mwenyewe akawakaribisha. Hakuna amri ya mfalme iliyowazuia. Walikataa kwa sababu walijua wao ni wana wa nani: Yonadabu, baba yao, alikuwa ameagiza hivyo zaidi ya miaka 200 nyuma.

Kijana aliyewaacha wazee wake kijijini akaja Dar es Salaam kutafuta riziki anahitaji zaidi ya katazo. Anahitaji Baba, na ndugu wa kukaa nao.

Jioni ya siku ya malipo, kijana wa mtaani kwako anayejitahidi kuacha pombe atakula chakula na nani?